Ufuta ama simsim? Jina la mbegu na mafuta yaliyotuacha

Msomaji mmoja wa Garsen, kaunti ya Tana River, ameniuliza swali ambalo limenikalisha kitako wiki nzima. Anasema mwanawe aliandika insha shuleni kuhusu kilimo cha simsim, na mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu kila lilipotokea, juu yake akaandika "ufuta". Mzazi anauliza: je, simsim si Kiswahili? Kisha anaongeza swali la pili, ambalo naona ndilo zito zaidi. Ile mbegu iliyosagwa ikawa laini kama uji mzito, inayouzwa kwenye chupa mijini kwa jina la tahini, Kiswahili chake ni nini hasa?

Jibu fupi la swali la kwanza ni kwamba mwalimu alifanya vyema kumfunza mwanafunzi neno ufuta, ila hapakuwa na haja ya kulikata simsim. Yote mawili ni maneno ya Kiswahili na yote yamo vinywani mwa watu. Jibu refu linahitaji historia, na historia yenyewe inapita palepale Garsen, inateremka na Mto Tana hadi baharini.

Tuanze na ufuta. Mmea wenyewe ni mfuta, katika ngeli ya miti. Mbegu zake ni ufuta, neno ambalo halina wingi: ufuta umekauka, ufuta umepurwa. Kinachotoka ndani yake ni mafuta. Yaani mfuta, ufuta na mafuta ni watoto wa tumbo moja. Shina lenyewe si la Kiswahili peke yake. Waganda husema amafuta, Wakikuyu maguta, Wagiriama mafuha, Wazulu amafutha. Wanaisimu wanalitaja kuwa miongoni mwa maneno ya kale ya Kibantu, yaliyotembea na wasemaji wake kwa maelfu ya miaka. Basi wazee wetu walipokutana na mbegu hii ndogo, hawakuhangaika kuitafutia jina la ajabu. Waliitazama kwa kile inachotoa, wakaiita mbegu ya mafuta. Na hawakupiga chuku, kwa maana takriban nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta matupu.

Sasa simsim. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, lakini nao walilirithi. Katika vigae vya udongo vya Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, Waakadi waliandika jina la mbegu hii: shamashshammu. Wataalamu wa lugha hiyo hulifasiri kuwa ni muungano wa maneno mawili, mafuta na mmea. Kutoka katika ukoo huo wa lugha za Kisemiti yakapatikana simsim ya Kiarabu na sesamon ya Kigiriki, na kutoka kwa Wagiriki yakatoka majina ya lugha nyingi za Ulaya.

Hebu tulia hapo kidogo. Simsim maana yake ya asili ni mmea wa mafuta. Ufuta maana yake ni mbegu ya mafuta. Jamii mbili za lugha ambazo hazina udugu wowote, moja kando ya Mto Frati na nyingine katika Afrika ya Kibantu, ziliitazama mbegu moja zikaipa jina la maana moja. Mwanafunzi wa Garsen aliyeandika simsim na mwalimu wake aliyeandika ufuta walikuwa wakisema jambo lilelile pasi na kujuana.

Mbegu yenyewe kwao ni Bara Hindi. Katika magofu ya Harappa, bonde la Mto Indus, zimepatikana mbegu za ufuta zilizoungua, zenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Afrika nayo ina ndugu zake wengi wa porini, na baadhi yao majani huchumwa yakapikwa kama mlenda. Lakini ufuta wa kulimwa, ule ambao wataalamu huuita Sesamum indicum, ulitufikia kutoka mashariki. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus, ambacho ni mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa na merikebu kutoka Barygaza, yaani Bharuch ya Gujarat ya leo, hadi masoko ya pwani ya Somalia: ngano, mchele, samli, nguo za pamba, na mafuta ya ufuta. Angalia vizuri. Wakati ule mafuta ndiyo yaliyosafiri, tayari yamekamuliwa. Hilo tutalirudia.

Kwa nini basi Tanzania wanasema ufuta na Kenya twasema simsim? Naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi iliyobeba jina la Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Vitabu vya shule vilifuata njia hiyo, na ufuta ukawa ndilo neno la kitabuni. Sababu ya pili ni ya kiutawala na kibiashara. Waingereza walilichukua neno simsim kama lilivyotamkwa masokoni wakaliandika katika ripoti zao za kilimo za Kenya na Uganda. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mbegu ya Nyanza ikawa inateremshwa hadi Mombasa, na jina lililoandikwa kwenye magunia lilikuwa simsim. Mjaluo nyumbani kwake aliita nyim, na Mwacholi wa Uganda vilevile, lakini akifika kwa mnunuzi alisema simsim. Likawa neno la mizani na la risiti.

Huku kwetu pwani ya kaskazini, biashara hii ni ya zamani kuliko reli. Kutoka Garsen kwenda chini, Mto Tana hujigawa kwenye delta yake. Kabla ya karne ya 19 kwisha, mfereji wa Belezoni ulikuwa umechimbwa kuuunganisha Tana na Mto Ozi, kwa amri ya utawala wa Witu. Mitumbwi ya Wapokomo iliteremsha mazao hadi Kau na Kipini, na kutoka hapo majahazi yakaelekea Lamu. Bara ya Lamu na viunga vya Malindi vilikuwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Malindi, iliyokuwa imebaki magofu kwa muda mrefu, ilifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Unguja, na nafaka pamoja na ufuta ndivyo vilivyoijaza bandari yake tena.

Ulipimwa kwa vipimo ambavyo vijana wa leo wanavisikia kama hadithi: kibaba, pishi, jizla. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na pishi 60 hufanya jizla, uzito wa karibu frasila kumi. Mnunuzi mkubwa hakuwa jirani. Mwaka 1844 Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan, na baada ya hapo wafanyabiashara wa Marseille wakawa wanakuja Unguja na Lamu kununua ufuta kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta na sabuni. Walichukua mbegu. Ukamuaji walikwenda kuufanya kwao.

Na nani aliyeupanda, akaupalilia, akaukata na kuupura? Hapa hatuwezi kupita haraka. Mashamba ya Malindi na ya bara ya Lamu yalitegemea mikono ya watumwa. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi nafaka na ufuta vilivyowatafuna watu kule Malindi, kama karafuu zilivyowatafuna Unguja na Pemba. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini katika pwani ya Kenya utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1907 tu. Wengi walikuwa wameshajiondoa kwa miguu yao. Waliitwa watoro, na vijiji vyao vilitapakaa msituni karibu na Witu, ambako Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, aliwapokea. Kila tunapoimba sifa za biashara ya kale ya pwani, ni haki tuwakumbuke hao. Ufuta ni zao linalochosha. Vitumba vyake vikikauka sana shambani hupasuka vyenyewe na mbegu ikamwagika chini, kwa hiyo lazima mashina yakatwe kabla, yafungwe matita, yasimamishwe yakauke, kisha yapinduliwe juu ya mkeka na kupigwapigwa. Ukichelewa siku chache, umelimia ndege.

Lugha imehifadhi kumbukumbu nyingine ya zao hili, tena mahali tusipopatazamia. Chukua neno usindikaji. Leo waziri wa kilimo hawezi kutoa hotuba bila kulitaja: usindikaji wa maziwa, usindikaji wa matunda, viwanda vya kusindika samaki. Wengi hudhani ni istilahi mpya iliyotungwa ofisini. La hasha. Kusindika, au kushindika kama wengine watamkavyo, ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kukamua mafuta kwenye mbegu, au maji kwenye miwa, kwa kutumia mtambo. Msindikaji wa kwanza hakuvaa koti jeupe wala glavu. Alikuwa mtu mwenye kinu na mbegu zake.

Na shinikizo? Redio husema serikali iko chini ya shinikizo. Daktari husema mgonjwa ana shinikizo la damu. Kamusi zitakuambia kwamba shinikizo ni chombo cha kubania na kukamulia, hasa mafuta. Picha za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha mtambo huo: kinu kikubwa cha gogo, mti mzito uliosimama ndani yake, na ngamia aliyefunikwa macho akizunguka siku kutwa ili mti ule usage na kubana. Mafuta yalichujuka, mabaki yakatolewa. Mabaki hayo nayo yana jina lake, mashudu, nayo hulishwa mifugo.

Kwa hiyo tuna sindika, shinikizo, mashudu, na mafuta yenyewe. Maneno haya yote ni ushahidi kwamba palikuwa na watu hapa pwani waliokamua. Watu wasiokamua hawawi na jina la mashudu.

Nirudi kwenye swali la pili la msomaji wangu. Tahini ni Kiarabu, kutokana na kitenzi chenye maana ya kusaga. Maana yake kamili basi ni kitu kilichosagwa, wala halitaji ufuta hata kidogo. Katika nchi za Sham, yaani Syria, Lebanoni na jirani zao, tahini huchanganywa na dengu zilizopondwa, ndimu na kitunguu saumu, au hukorogwa na sukari ikawa halawa. Tuwe waangalifu hapa: halawa hiyo si halua ya Mombasa na Unguja. Yetu hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki. Ufuta ukiwamo, huwa wa kunyunyiza tu. Jina ni moja, vyakula viwili.

Kuna na kikwazo kingine, ambacho kitawachekesha walimu. Kiswahili tayari kina kitenzi kutahini, kumpa mtu mtihani. Mtahini ni mwenye kutunga maswali, mtahiniwa ni mwenye kutoa jasho. Katika Kiarabu mashina haya ni mawili mbalimbali, lakini yalipovuka bahari yakafanana kwa sauti. Mwambie mtoto wa darasa la nane kwamba mezani kuna tahini, uone kama ataketi.

Wengine hupendekeza siagi ya ufuta, kwa kufuata siagi ya karanga. Sina ugomvi nalo, ila siagi asili yake ni ya maziwa, na katika kaunti yenye Waorma wanaojua siagi na samli tangu utotoni, kuipa mbegu jina la maziwa ni kuchanganya mambo. Mimi nafuata kanuni nyepesi zaidi. Twasema nyama ya kusaga, twasema pilipili ya kusaga. Basi tuseme ufuta wa kusaga, au simsim ya kusaga. Kila mtu ataelewa bila kufafanuliwa.

Na kitu chenyewe si kigeni, ati tumefunzwa na maduka makubwa. Kukitengeneza hakuhitaji ujuzi wa mbali. Ufuta hupepetwa, huoshwa ili mchanga utoke, hukaushwa, kisha hukaangwa mkavu kwenye chungu au sufuria kwa moto mdogo hadi uanze kurukaruka na kunukia. Ukiungua huwa mchungu, kwa hiyo mkono usikome kukoroga. Halafu hutwangwa kinuni au husagwa juu ya jiwe. Mwanzo huwa unga. Ukiendelea, mafuta hujitokeza yenyewe na unga ukageuka rojo. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huita rojo hilo odii. Hulila na viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, na huliungia mboga, mathalani malakwang, ile mboga chachu wanayojivunia. Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Lindi na Mtwara ambako ufuta ni mojawapo ya mazao makuu ya biashara, majani ya kisamvu au mchicha huungwa kwa karanga, kwa nazi, au kwa ufuta uliotwangwa. Unguja wana mkate wa ufuta, unaochomwa huku mbegu zimeugubika uso wake. Na ni nani wa pwani asiyejua kashata za simsim?

Angalia kitenzi hicho: kuunga. Mboga isiyoungwa ni chukuchuku. Nazi huunga, karanga huunga, na ufuta huunga. Kwa nyumba iliyo mbali na minazi, ndani kabisa ya kaunti, ufuta wa kusaga unaweza kuifanya kazi ya tui bila kumlipa mtu wa Malindi.

Nilipopita Garsen, niliuliza sokoni. Mama mmoja aliyekuwa na simsim kwenye beseni alinisikiliza kwa subira nilipotaja ufuta, kisha akanirekebisha kwa upole: hapa twaita simsim, hayo mengine ni ya vitabuni. Nikamuuliza kama huisaga. Akaniambia mamake alikuwa akitwanga. Yeye huuza tu. Malori huja kuchukua magunia, na yeye hubakisha kidogo ya kashata.

Hapo ndipo maswali yote ya msomaji wangu yanapokutana. Karne ya 1 mafuta yalifika pwani hizi yakiwa yamekamuliwa na wengine. Karne ya 19 mbegu ziliondoka hapa zikakamuliwe Marseille. Leo magunia yanaondoka Garsen, na chupa ya tahini inarudi ikiwa na jina la ng'ambo na bei ya ng'ambo. Katikati ya safari hizo kuna kipindi tulichokuwa na shinikizo letu, na kilichobaki ni neno tu, tena tumelihamishia kwenye siasa na hospitali.

Na mashudu je? Nayo yanaondoka yakiwa ndani ya gunia. Hili si dogo kwa Tana. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya delta hii yaliua watu zaidi ya 100, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, chanzo kimojawapo kikiwa ni ardhi, malisho na njia ya kufikia maji. Sidai kwamba kinu cha mafuta kingeyazuia. Nasema tu kwamba ufuta ukikamuliwa Garsen, mkulima hubaki na mafuta na mfugaji hupata chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na wawili hao wana sababu ya kutafutana kwa mema. Wazee walioweka jina la mashudu walikwishaijua hesabu hiyo.

Wengi wetu twakijua kisa cha Ali Baba, ambamo pango la hazina hufunguka kwa kutamka jina la simsim. Msemo wenyewe wa Kiarabu ni iftah ya simsim, funguka ewe simsim. Lakini nduguye, Kassim, ndiye mwenye funzo kwetu. Aliingia pangoni, akajaza magunia, na alipotaka kutoka akawa amelisahau jina. Akajaribu nafaka nyingine, mlango usitikisike. Mauti yakamkuta humo humo, amezungukwa na mali.

Kwa hiyo mwambie mwanao, ewe msomaji wa Garsen, aendelee kuandika simsim, na aandike ufuta pia, kwa kuwa maana ni moja. Mwalimu naye, badala ya kukata, aandike neno la pili kando ya la kwanza. Na akitokea mtu hapo kwenu atakayenunua kinu, akasaga, akajaza chupa, namsihi kwenye karatasi ya chupa asiandike tahini. Aandike: Ufuta wa Kusaga, Garsen. Chini yake, kwa herufi ndogo, aongeze: simsim. Na mashudu asiyatupe.